Vitufe vya video vinavyomkimbia mzee: tusaidiane kuvituliza

#1 UmojaTu

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa wenye wazazi au mashosho wanaopenda mahubiri, muziki wa zamani na taarifa ya saa moja, lakini kila jioni simu inapelekwa kwa mjukuu: "Hebu niangalizie, hiki kitu kimekwama."

Hapa mtaani Umoja, Nairobi, nimekuwa fundi wa bure wa simu na TV za wazee, wengi majirani wa mama yangu, na nina msimamo ambao najua kuna watakaoupinga. Shida ya kwanza si udogo wa vitufe. Shida ni kwamba vitufe havitulii mahali pake.

Tazameni mzee anavyosimamisha video kwenye simu. Picha imejaa kioo kizima, kitufe hakuna. Anagusa katikati. Video haisimami, ila vitufe vinajitokeza. Sasa akitafute kile cha kusimamisha. Anashusha miwani, anaisogeza simu mbali kidogo, ananyoosha kidole, na vitufe vimeshajificha. Anagusa tena, vinarudi. Safari hii ana haraka, kidole kinatetemeka, kinagonga mara mbili upande wa kulia, mhubiri anaruka sekunde kumi mbele. Mzee anaona afadhali abonyeze kwa nguvu na asiachilie, kama alivyozoea kwenye redio. Kwenye YouTube kushikilia kidole kunaongeza kasi maradufu, kwa hiyo sasa mhubiri anaongea kama mnadi wa mitumba Gikomba. Mzee anaifunika simu kifudifudi mezani na kungoja mtoto atoke shule.

Anayesema "mzee hajui teknolojia" hajawahi kuangalia vidole vyake vikifanya kazi. Huyu huyu aliendesha redio kaseti miaka mingi bila kumsumbua mtu. Kaseti za Philips zilitoka 1963, na mashine zake zilikuwa na adabu: kitufe cha kucheza kikibonyezwa kinazama na kubaki chini. Hata stima ikipotea usiku, kidole kinakwambia kimezama au hakijazama. Kusimamisha kulikuwa na kitufe chake. Kurekodi, kwa kuwa kunafuta kilichokuwapo, kwenye redio nyingi kulitaka vitufe viwili vibonyezwe pamoja. Jambo la kuharibu liliwekewa kizuizi, jambo la kila siku likaachwa wazi. Simu imegeuza mambo: kuruka mbele kunatokea kwa ajali, kusimamisha kunataka ujuzi.

Halafu kuna ile pembetatu na vijiti viwili vinavyobadilishana nafasi. Video ikicheza unaonyeshwa vijiti, ikisimama unaonyeshwa pembetatu, yaani kitufe kinasema kitakachotokea ukigusa, wala si kinachoendelea. Jirani mmoja aliniuliza, "Kama inacheza, mbona imeandika kusimama?" Swali la haki kabisa.

Ninachoanza nacho ni hiki. Kwenye YouTube, ingia mipangilio, kuna sehemu ya ufikivu. Humo kuna swichi ya kicheza video chenye ufikivu. Ukiiwasha unachagua vitufe vijifiche baada ya sekunde ngapi, na mojawapo ya machaguo ni visijifiche kamwe. Chagua hilo. Watu wana simu hizi miaka na hawajui swichi hiyo ipo. Ukiwa humo humo kwenye mipangilio, tafuta ule muda wa kuruka kwa kugonga mara mbili: usiuongeze, uache uwe mfupi iwezekanavyo, ili ajali ikitokea asipotee mbali.

Kwa anayetumia VLC, programu ya kuchezea video, kwenye Android, zima zile ishara za kuburuta kidole. Upande mmoja unapunguza mwanga, upande wa pili unapunguza sauti. Nimeitwa kwa simu "iliyokufa" ambayo ilikuwa imeburutwa tu mpaka ikawa giza.

Nyinyi mnafanyaje huko kwenu?

#2 Kipenga254

Mkuu, kazi yako naiheshimu, ila udogo ni shida na ni ya kwanza. Mzee wangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anangoja upasuaji. Kitufe kidogo cheupe hata kikikaa hapo kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwake hakipo. Lenzi ya jicho hukakamaa polepole, na mtu akifika miaka arobaini na kitu anaanza kuisikia, ndiyo maana watu huanza kusoma gazeti kwa mkono ulionyooka. Baadaye lenzi yenyewe inaingia umanjano, na buluu iliyokolea inaanza kufanana na nyeusi. Sasa hawa wabunifu wenye aikoni nyembamba nyeupe juu ya video ya harusi, bibi harusi na shela nyeupe, walikuwa wanamtengenezea nani?

Ushauri wangu: kuza maandishi NA kuza vitu vyote kwenye kioo. Ni mipangilio miwili tofauti. Wengi wanakuza maandishi peke yake, halafu wanashangaa vitufe vimebaki vilevile.

#3 UmojaTu

Kipenga, hapo kwenye mipangilio miwili umesema kweli. Lakini niambie: kitufe ukikikuza mara tatu, kisha kikajificha baada ya sekunde tatu, mzee amepata nini? Ameona vizuri zaidi kitu kinachomkimbia. Mimi natuliza kwanza, nakuza baadaye.

Na ukikuza angalia usipitilize. Kwenye simu za kioo kidogo, programu nyingine zikikuzwa sana zinasukuma vitufe vya chini nje ya kioo. Unamfungulia mzee video, unaondoka umeridhika, kumbe kitufe cha kurudi nyuma hakionekani tena.

#4 MkweWaKiambu

Mimi nitaongea kuhusu mama mkwe, ambaye hataki kabisa kugusa kioo. Vidole vyake vimekauka kwa kazi ya shamba, kioo hakimsikii. Anakilowesha kidole kwa mate, kinasikia mara moja, basi. Kuna wakati tulidhani simu imeharibika, kumbe kioo cha aina hii kinategemea umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi kavu haipitishi vizuri. Ukiongezea ile kinga nene ya plastiki tuliyobandika sisi wenyewe, ndiyo kabisa.

Kilichomfaa ni spika ndogo ya bluetooth yenye vitufe vya mpira juu. Simu inakaa kwenye kabati, imeunganishwa, yeye anabonyeza spika. Kusimamisha ni kitufe cha katikati, kuendelea ni hicho hicho, na kinabonyea kweli, kinatoa mlio.

Lakini wadau, MKINUNUA MUWE MACHO. Spika nyingi ndogo zimeunganisha kazi mbili kwenye kitufe kimoja: ukigusa kifupi wimbo unaruka, ukishikilia sauti inapanda. Nyingine ni kinyume. Mama alikuwa anataka sauti ipande kidogo, kila akigusa wimbo unabadilika, akaamua spika ina kiburi. Tulirudi dukani tukatafuta yenye sauti peke yake na kuruka peke yake. Zipo, ila mwenye duka hatakwambia, mjaribu hapo hapo kaunta.

#5 Dagoo

Kwani si mwafundishe tu? Shosho yangu ana 78, alifundishwa siku moja, sasa anatuma mpaka stika.

#6 UmojaTu

Dagoo, mpe shosho salamu, huyo ni wa kipekee. Lakini kufundisha kunasaidia kitu kisichobadilika. Programu inajisasisha usiku, asubuhi kitufe kimehamia upande mwingine, na somo lako limekwisha kazi. Mkono wake unakumbuka vizuri mno, na hilo ndilo linalomponza: unakwenda pale kitufe kilipokuwa jana.

Kama umefundisha na akaelewa, zima kujisasisha kwa programu hiyo moja kwenye Play Store. Unafungua ukurasa wa programu, unagusa nukta tatu za juu, unaondoa alama ya tiki. Usiizime milele, masasisho yana ulinzi ndani yake. Wewe ukimtembelea unaisasisha kwa mkono, na mnaangalia pamoja kilichobadilika.

#7 FundiWaLuthuli

Nyote mnaongea simu, simu. Wateja wangu wazee hawana habari na simu. Wana TV, dekoda na wufa (zile spika kubwa zenye besi). Rimoti tatu kwenye kiti kimoja.

Nitasema ninachokiona kila wiki. Tangu matangazo ya analogi yazimwe 2015 na kila nyumba kuingia dekoda, mzee ana rimoti ya TV na rimoti ya dekoda, na zote mbili zina kitufe cha sauti na cha kuzima. Anazima dekoda anadhani amezima TV. Halafu ile ya TV ina kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha. Akikigusa tu, kioo kinaandika hakuna mawimbi. Anapigia watu, antena inapandiwa paa, bati linatoboka, na kumbe dawa ni kubonyeza kitufe kimoja. Mimi ninachofanya: nafungua rimoti, nakata kijipande cha plastiki nyembamba, naweka kati ya mpira na ubao kwenye kile kitufe. Kinabonyea lakini hakifanyi kitu. Ukitaka kukirudisha unatoa plastiki. Usitumie gundi, gundi inatiririka mpaka kwa majirani zake.

Kisha naweka tone dogo la gundi ya moto juu ya kitufe cha sauti kupanda, likauke, liwe kinundu. Jingine kwenye cha kuwasha. Basi. Usiweke vinundu vitano, kidole kitachanganyikiwa upya.

Sasa wufa. Mzee analetewa flashi imejazwa nyimbo mia sita kwenye lundo moja, halafu anaambiwa atafute ule wa kwaya. Kwa rimoti ile ndogo yenye vitufe kama punje za mahindi? Weka flashi ndogo ndogo, kila moja na kazi yake: nyekundu mahubiri, kijani rhumba, nyeupe nyimbo za kanisa. Anachomoa moja, anachomeka nyingine. Kubadilisha flashi anaweza, ni kama kubadilisha kanda.

Na siri ya mwisho: wufa nyingi za bei ya chini hazifuati majina ya mafaili. Zinafuata mpangilio yalivyonakiliwa kwenye flashi. Ukinakili yote kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuyachanganya. Ukitaka sura ya kwanza itangulie ya pili, nakili moja moja kwa mpangilio. Flashi iwe ya FAT32 (aina ya mpangilio wa flashi unaochaguliwa ukiiformati), wufa nyingi hazisomi aina nyingine.

#8 Kipenga254

Hii ya flashi za rangi nimeiba rasmi.

#9 WaEastleigh

Fundi, Mungu akubariki na ile plastiki. Antena yetu imepandiwa sana.

#10 SikioMoja

Mmeongelea macho na vidole, hamjagusa masikio, na nusu ya kubonyeza kote huku inatokana na mzee kutosikia. Anaongeza sauti, tangazo linapiga kelele, anapunguza, mazungumzo yanarudi, hasikii, anaongeza. Jioni nzima kidole hakipumziki.

Usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba. Herufi kama s, f na sh ziko huko. Besi anaisikia kama kawaida. Kwa hiyo ukimwongezea sauti kwenye wufa iliyofunguliwa besi mpaka mwisho, unamwongezea ngurumo. Maneno yako palepale. Punguza besi, ongeza treble (sauti nyembamba). Ni kifundo kimoja tu, lakini watu hawataki kukigusa kwa sababu wufa bila besi wanaona imewanyima haki.

Kwa anayetumia visikizi na sikio moja limekufa, kwenye Android sehemu ya ufikivu kuna sauti ya mono. Inamwaga pande zote mbili kwenye kila sikio. Bila hiyo kuna nyimbo atasikia gita bila mwimbaji.

Na msidharau kasi. Mahubiri au taarifa kwa kasi ya 0.75 kwenye YouTube yanasaidia wengi. Muziki usiuguse, utapinda.

#11 MsimboTu

Mimi ni mtengenezaji programu, kwa sasa natengeneza kicheza sauti na video cha kanisa moja, wasikilizaji wengi ni watu wazima. Nimesoma uzi wote nikatulia.

Baadhi ya haya yameshaandikwa kwenye miongozo tunayoiruka. WCAG, miongozo ya ufikivu ya W3C (shirika la viwango vya wavuti), toleo la 2.1 la 2018, inataka mchoro wa kitufe utofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 3 kwa 1. Bibi harusi wa Kipenga anaiangusha hiyo mara moja, na dawa yake ni kuweka kibao cheusi nyuma ya aikoni. Toleo la 2.2, Oktoba 2023, limeongeza kwamba chochote kinachofanywa kwa kuburuta kiwe na njia ya kufanywa kwa kugusa tu. Fikirieni ule mstari mwembamba wa muda chini ya video. Mahubiri ya saa mbili kwenye kioo chenye upana wa sentimita saba: kila milimita ni karibu dakika mbili. Hata mimi nisiyetetemeka siwezi kurudi kwa sekunde thelathini pale.

Kuhusu ukubwa, Google wanashauri eneo la kugusa la 48dp (dp ni kipimo cha Android), takriban milimita tisa, Apple pointi 44. WCAG 2.2 kwa kiwango cha AA (cha kati) inakubali hata pikseli 24. Sisi huchukua ile ndogo kwa sababu inaruhusiwa.

Lakini UmojaTu, kuna ubishi. Mteja wangu anasema vitufe visipojificha vinaziba uso wa mhubiri. Nimjibuje?

#12 UmojaTu

Mwambie aviweke chini ya picha, si juu yake. Simu ikishikwa wima, video ya mlalo inachukua sehemu ndogo tu ya kioo, na huko chini mnajaza orodha ya video nyingine ambazo mzee hakuziomba na anazigusa kwa bahati mbaya. Futa orodha. Weka ukanda mweusi, vitufe vitatu: rudi, simama au endelea, ruka. Kile cha katikati kiwe kipana kuliko vyote. Na kiandike neno, CHEZA au SIMAMA, chini ya alama.

Ule mstari wa muda mwachie aone amefika wapi, lakini usisikie kidole. Kurudi kuwe kwa kitufe. Sekunde kumi kwa mahubiri ni kidogo mno, mtu akisinzia anataka dakika. Mimi ningeweka sekunde thelathini, na mzee akitaka zaidi agonge tena na tena. Kugonga tena hakumsumbui kama ameona kitu kimejibu.

Jambo jingine: programu ikumbuke ilipoishia. Simu ya kupigiwa ikiingia, au betri ikiisha, akifungua aendelee pale pale bila kuulizwa. Yale maswali ya "je, ungependa kuendelea" yenye vitufe viwili vya rangi moja yanamtisha, anadhani akikosea atafuta.

#13 MkweWaKiambu

Na kugonga kujibiwe kwa kitu cha kusikika au mtikisiko. Mama akigusa asione mabadiliko papo hapo anagusa tena, na ule mguso wa pili unaghairi wa kwanza. Mtandao ukiwa mzito ndiyo kabisa: kasimamisha, kaendelea, kasimamisha, hajui yuko wapi.

#14 MsimboTu

Hilo naliweza leo leo. Baada ya mguso, kitufe kisipokee mwingine kwa nusu sekunde, na alama ibadilike kabla hata mtandao haujajibu. Android yenyewe ina mpangilio wa kurefusha muda wa kushikilia, na baadhi ya simu, kama za Samsung, zina wa kupuuza miguso ya kurudia haraka, ila programu nyingine hufuata, nyingine hazijali.

#15 Mzee_Wa_Makadara

Nimewasoma vijana wangu. Mimi ndiye mnayenijadili, nina miaka sabini na moja, na natumia kompyuta. Katiba ya 2010 kifungu cha 57 inasema wazee tuishi kwa heshima na tushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kushiriki ni pamoja na kusimamisha video bila kumwita mtu.

Ombi langu ni moja. Msitutengenezee kitu cha kitoto chenye rangi za chekechea na kutuondolea kila kitu. Mimi napenda kubadilisha kasi, napenda maandishi chini ya picha. Nipeni vitatu mbele na vilivyobaki viwe mlango wa pili. Visifutwe.

#16 UmojaTu

Shikamoo mzee, na asante. Hilo la mlango wa pili tumelisikia.

Kwa kuwa unatumia kompyuta, nikupe kitu kinachopendwa sana huku kwetu. Nunua kibodi ndogo ya namba ya USB, ile ya wahasibu, fundi wa Luthuli atakupa. Kwenye VLC ya kompyuta, fungua zana, mapendeleo, kisha sehemu ya vitufe vya mkato. Pale unaweza kupanga upya: 5 iwe kucheza na kusimamisha, 4 kurudi, 6 kwenda mbele, 8 sauti kupanda, 2 sauti kushuka. Ile 5 ina kinundu chake tangu kiwandani, kwa hiyo kidole kinaipata bila kutazama. Zilizobaki zibandue au zifunike kwa karatasi ya gundi. Humo VLC kwenye kupanga mwonekano kuna pia chaguo la vitufe vikubwa kwa wale wanaotumia panya (mouse).

#17 Mzee_Wa_Makadara

Marahaba. Nimeijaribu kwa kibodi ya kijana wangu. 5 imekubali, 4 imekubali. Halafu ghafla zote zikagoma.

#18 FundiWaLuthuli

Umegusa Num Lock, mzee wangu, kile cha juu kushoto. Kikizimwa namba zinageuka kuwa mishale. Kiguse kiwake taa, kisha mwambie kijana anyanyue kofia ya kitufe hicho kwa bisibisi ndogo aitoe kabisa. Aitunze kwenye droo.

#19 Mzee_Wa_Makadara

Taa imewaka. Zinafanya kazi.

#20 MsimboTu

Nimetuma toleo la majaribio kwa mteja: ukanda chini ya picha, vitufe vitatu, havijifichi, mlango wa pili una kasi na maandishi. Amejibu kwamba "inaonekana tupu". Jumapili nitasimama mlangoni kanisani na simu mbili, moja ya toleo lake na moja ya hili, niwape wazee wenyewe. MkweWaKiambu, mama mkwe akiwa Nairobi wikendi hiyo, mlete na vidole vyake.